Mioto Themanini ya Vaubrelle

Cheti cha kwanza nilichotafsiri katika mji huu wa Durban kilikuwa cha ndoa, na niliwaozesha watu wale mbele ya shahidi ambaye hajawahi kuzaliwa. Kwenye nafasi ya shahidi wa pili, karani wa kule Bukavu alikuwa ameandika "Néant". Kwa Kifaransa cha ofisini maana yake ni "hakuna". Mimi, mwalimu mzima wa historia na jiografia, nikaandika kwa Kiingereza: shahidi wa pili, Bwana Néant. Bosi wangu, Monsieur Armand, alicheka mpaka akavua miwani. Tangu siku hiyo, kila nilipoacha kosa kwenye karatasi, aliniuliza, "Bwana Néant amerudi tena?"

Ninyi wadogo zangu mnaokuja kwangu Jumamosi mkitoka kwenye kwaya, na simu zenu zinazotafsiri ukurasa kabla sijaipata miwani yangu, huwa mnaniuliza kama kazi yetu bado iko. Iko. Karatasi za watu bado zinavuka mpaka kwa Kifaransa na kusomwa hapa kwa Kiingereza, na katikati lazima awepo mtu wa kulaumiwa. Simu hailaumiwi. Nimewafundisha jinsi ya kueleza muhuri uliofutika, na kwamba jina la mtu halitafsiriwi hata kama ni Dieudonné, yaani aliyetolewa na Mungu. Makosa yangu ya kutojua mnayajua yote na mmeyacheka. Leo nawaambia kosa moja nililolifanya nikijua.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja, ghorofa ya tatu, upande wa Albert Park, katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa pambo tu. Monsieur Armand alikuwa mtu wa Mauritius aliyezeekea Durban, mfasiri aliyeapishwa mahakamani, na kila muhuri uliopigwa pale ulikuwa wake. Mimi nilifika kwake nikiwa nasuka nywele za watu kwenye saluni ya chini. Siku moja alishuka kuomba chenji akanikuta namsahihisha mteja barua yake ya Kifaransa, sega mdomoni. Akasema, "Mama, panda juu." Nikapanda, na sikushuka tena.

Miaka minne nilikuwa mimi na yeye. Alinifundisha kusoma tarehe kutoka nyuma kwenda mbele, kwa sababu jicho linaloisoma tarehe kama kawaida linaona linachotarajia. Alinifundisha kwamba neno fupi unalolijua vizuri ndilo la kuogopa, maana neno refu utalitafuta kwenye kamusi, lakini fupi utalipita ukilipungia mkono. Hilo la pili liwekeni akilini, nitalihitaji mbele.

Kisha akaja Fidèle.

Fidèle alikuwa Mrundi, mdogo wangu kwa miaka kumi na kitu, aliyekuwa akitengeneza simu dukani Greyville. Alikuja kuleta karatasi zake mwenyewe zitafsiriwe, na wakati anasubiri akamsomea Monsieur Armand gazeti, kwa sababu macho ya mzee yalikuwa yameanza kufifia. Alikuwa na sauti laini. Baada ya mwezi alikuwa na meza. Baada ya miezi mitatu mzee alimwita "mon petit", mdogo wangu. Mimi katika miaka minne niliitwa Madame Générose, na kwenye siku nzuri sana, Générose.

Mtaniuliza, Mama Furaha, jina tu lilikuuma? Liliniuma. Nilikuwa nahesabu. Nilihesabu mara ngapi mzee alimwambia "bien", yaani vizuri, na mara ngapi aliniambia mimi. Fidèle akileta mandazi ya mke wake, Consolate, nilisema nimeshiba, kisha nikashinda na njaa mpaka saa kumi.

Siku moja alikuja Madame Solange, mwanamke mzee wa Kifaransa aliyeishi kule juu Berea. Alitoa kwenye mkoba kijitabu chenye jalada la kijani kilichochakaa. Kilikuwa kitabu cha kijiji alikozaliwa, Vaubrelle, kilichoandikwa na mwalimu wa shule ya hapo, kuhusu ardhi yake, historia yake na vitu vya kale vilivyobaki. Kule Ufaransa kijiji kama hicho kinaitwa commune, hata kikiwa na watu mia mbili na ng'ombe wao. Fidèle alishangaa, kwa sababu kwao Burundi commune ni kitu kikubwa, kina milima na masoko ndani yake.

"Wajukuu wangu wanajua Kiingereza na Kizulu," Madame Solange akasema. "Kifaransa hawana. Nataka wajue mimi ni mtu wa wapi kabla sijafa. Na meya wa pale ameandika kwamba Waingereza wamekuwa wengi, wananunua nyumba za zamani. Anataka sehemu ya historia iandikwe kwa Kiingereza aiweke kwenye ubao mbele ya kanisa."

Kisha akasema neno lililobadilisha hewa ya chumba. Mwezi wa tisa, siku ambazo Wafaransa hufungua majengo yao ya kale watu wote waingie, ubao huo ungezinduliwa. Yeye angekwenda, na kwa umri wake hakutaka kusafiri peke yake. Angemchukua mmoja wetu.

Nilikichukua kile kitabu nyumbani nikakisoma, na huko nako nikakutana na wivu wa aina nyingine ambao sikuutegemea. Vaubrelle ilikuwa kitu kidogo sana. Mto mmoja, Orse, ambao mwalimu mwenyewe alikiri kwamba kiangazi unaweza kuuruka. Uwanda wa mawe ya chokaa, msitu wa mialoni upande wa kaskazini, daraja lenye matao mawili. Lakini yule mwalimu alikuwa ameandika kila kitu. Kila shamba lilikuwa na jina: Shamba la Mjane, Kona ya Mbwa Mwitu, Ukanda Mrefu. Aliandika ni nani aliyejenga bwawa la kufulia nguo lenye paa, na kwamba wanawake walipigania mahali pa mbele ambapo maji yaliingia yakiwa safi. Aliandika tanuri ya mkate ya kijiji ilivunjwa lini na kwa nini watu walilia. Kengele ya kanisa ilikuwa na jina la mwanamke. Kwenye mnara wa vita kulikuwa na majina ya vijana waliokufa, na kwa kila jina mwalimu alieleza nyumba gani ilibaki bila mtoto wa kiume.

Mimi natoka kwenye milima iliyo juu ya Uvira. Kijiji chetu kilikuwa na watu wengi kuliko Vaubrelle, tena kwa mbali. Tulikuwa na chemchemi tatu, soko, njia ambayo watu walipita na chumvi tangu mababu. Nani ameandika? Nilifundisha historia miaka tisa, nikafundisha mito ya Ulaya kwa ramani, na hata siku moja sikuwauliza watoto wale jina la kijito walichovuka kuja shuleni. Nilikifunga kitabu nikakisukuma mwisho wa meza kama mtu aliyenitukana.

Asubuhi nilimwambia Monsieur Armand, "Historia nipe mimi. Ndiyo kazi niliyosomea."

"Wewe utafanya ardhi na majengo," akasema. "Una jicho la vitu, Générose. Mon petit ana sikio la watu. Historia ni yake."

"Na safari?"

"Ubao ni wa historia. Nadhani Solange atamtaka aliyeufanya."

Nilisema, "Hakuna shida." Mkisikia mtu wa rika langu anasema hakuna shida kwa sauti ile, sogezeni vikombe.

Tulifanya kazi wiki sita. Nataka niwe mkweli: yangu niliifanya vizuri. Nilitafuta neno la kila jiwe na kila boriti. Kwenye bwawa la kufulia nilikaa siku mbili, kwa sababu Kiingereza hakina neno linalobeba paa, maji na umbeya wa wanawake kwa pamoja. Madame Solange aliposoma akasema, "Ni sahihi." Aliposoma kurasa za Fidèle alilia, akasema, "Ni baba yangu huyu anayeongea." Nilikwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Utaratibu wetu ulikuwa huu, na hata ninyi msiuache. Aliyetafsiri hajisahihishi. Mwingine anachukua kalamu nyekundu, anaweka karatasi mbili bega kwa bega, anapita mstari kwa mstari, kisha anasaini chini. Baada ya hapo, kwa kuwa macho ya mzee yalikuwa hayafai tena, aliyesahihisha alimsomea kwa sauti ukurasa wote, yeye akisikiliza amefumba macho. Historia ya Fidèle nilipaswa kuisahihisha mimi.

Mstari ule ulikuwa ukurasa wa pili. Mwalimu wa Vaubrelle aliandika kwamba zamani, kabla ya tauni, parokia ilikuwa na "feux" themanini. Feu ni moto. Mtoto wa chekechea anajua. Lakini kwenye madaftari ya kodi ya zamani, feu ni jiko la nyumba, ni kaya. Parokia ilikuwa na kaya themanini, basi. Fidèle alikutana na neno fupi analolijua vizuri akalipungia mkono. Aliandika kwa Kiingereza kwamba zamani Vaubrelle ilikumbwa na mioto themanini.

Nililiona palepale. Nilifundisha historia, na zaidi ya hayo, bibi yangu kule milimani alikuwa akitazama mlima wa pili asubuhi na kusema, "Leo moshi ni kumi na mbili," maana yake familia kumi na mbili zimeamka salama. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi. Fidèle alikuwa dirishani anaongea kwenye simu na Consolate kuhusu suti, nani angemwazima suti ya kwendea Ufaransa, na alikuwa anacheka.

Nikageuza ukurasa. Mwisho nikasaini.

Halafu ikaja saa ya kumsomea mzee. Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikasoma wa pili, na nilipofika kwenye ule mstari niliogopa, kwa sababu sikio la mzee halikosei. Basi mdomo wangu ukasema kwa Kiingereza kizuri kabisa, "parokia ilikuwa na kaya themanini." Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Bien," akasema. "Wengi wangeanguka hapo. Mon petit amekua."

Ile bien ilikuwa yangu, wadogo zangu. Niliisikia ikipewa mwingine nikanyamaza.

Wakaondoka mwezi wa tisa. Fidèle alipita ofisini kuaga akiwa na suti ya kaka yake Consolate, mikono mirefu kidogo. "Dada, utuombee," akasema. "Nitakuletea picha ya bwawa lako." Nikamwambia sharp, yaani sawa, safari njema.

Siku kumi baadaye alirudi, akakaa kwenye kiti bila kuvua koti. Monsieur Armand alikuwa kwenye kona yake. Fidèle alianza kwa mazuri: mto Orse, kweli unaweza kuuruka, alijaribu akalowa kiatu, Madame Solange aliingia kwenye nyumba ya baba yake, sasa ina Waingereza, wakampa chai jikoni kwake mwenyewe. Kisha akainama akaanza kupapasa vifungo vya koti.

"Endelea," mzee akasema.

"Ubao, Monsieur. Walikuwa wameufunika kitambaa. Meya akakitoa. Watu wakapiga makofi, nikasoma Kiingereza kwa sauti kama tulivyopanga. Mzungu mmoja, Mwingereza mzee, akainua mkono. Akauliza mioto themanini ilikuwa miaka gani, maana anaandika kuhusu majanga ya zamani na hajawahi kusikia kijiji kilichoungua mara themanini. Watu wakacheka. Meya akataka atafsiriwe. Nikamtafsiria mimi mwenyewe, Monsieur. Nikiwa natafsiri, njo nikaelewa. Feux. Meya akasema, 'Kama tungeungua mara themanini, mimi ningekuwa meya wa majivu.' Wakacheka tena. Madame Solange hakucheka. Aliniangalia tu."

"Ukasema nini?" nikauliza.

"Nikasema kosa ni langu. Wakauliza hakuna aliyesahihisha? Nikasema yuko, lakini aliyeandika ni mimi. Jina lako sikulitaja, dada. Haiko kosa yako, ulikuwa na kurasa nyingi."

Mzee alimtuma Fidèle chini akatoe nakala za karatasi fulani ambazo hazikuwa na haraka yoyote. Mlango ulipofungwa, alinigeuzia uso. Hakuwa ananiona vizuri, lakini alijua nilipokaa.

"Générose. Siku ile ulinisomea kaya themanini."

"Ndiyo, Monsieur."

"Nilisikia vizuri?"

"Ulisikia vizuri."

"Kwenye karatasi ilikuwa imeandikwa mioto."

"Ndiyo."

"Na kalamu ilikuwa mkononi mwako."

"Ndiyo, Monsieur."

Nilingoja alete hata Bwana Néant. Hakumleta. Alitafuta kofia yake kwa kupapasa meza, nami nikainuka kumpa, akasema, "Acha, nitaipata," na akaitafuta mpaka akaipata.

Jumatatu, nilipochukua karatasi nimsomee, alisema, "Mon petit atasoma." Tangu siku hiyo Fidèle alisoma, hata karatasi zangu. Mzee hakumwambia sababu. Nilikaa mezani kwangu nasikiliza sauti laini ya Fidèle inasoma maneno yangu, na wivu wangu, badala ya kuona haya, ukanenepa. Nilimwonea wivu kwa kile kiti pembeni ya mzee. Nilimwonea wivu hata kwa aibu yake, kwa sababu yake ilikuwa safi.

Nilivumilia wiki mbili. Jumapili ya tatu nilivuka robot, zile taa za barabarani, pale karibu na uwanja wa mbio za farasi, nikapanda kwao. Consolate alifungua, akafurahi, akaenda kuchemsha chai. Fidèle alikuwa anapiga pasi shati.

"Fidèle, ule mstari niliuona."

"Mstari gani?"

"Wa mioto. Niliuona siku ninasahihisha. Nikauacha."

Aliisimamisha pasi wima. "Ulichoka. Hata mimi..."

"Sikuchoka. Mzee nilimsomea kaya. Nilijua."

Nilimsikia Consolate jikoni anaimba. Fidèle akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Yakaondoka yote. Nikasema, "Kwa sababu anakuita mon petit."

Kama angecheka, ningeshukuru. Kama angenifukuza pia. Alichomoa pasi ukutani, akaleta karatasi na kalamu akaviweka mezani mbele yangu. "Mwandikie meya," akasema. "Kwa Kifaransa chako kizuri. Na Madame Solange pia. Uweke jina lako. Mimi watu wale walinicheka nikiwa nimevaa koti ya mtu."

Niliandika palepale, chai ikipoa. Niliandika kwamba mfasiri alikosea kama binadamu yeyote, lakini msahihishaji aliliona kosa akaliacha kwa wivu, na kwamba msahihishaji ni mimi. Fidèle alisoma barua mara mbili. Akasahihisha herufi moja.

Meya alijibu kwa mistari mitatu: ubao umebadilishwa, wanakijiji wameshaanza kuipenda ile mioto na wengine wanasikitika imeondolewa. Madame Solange hakujibu. Nilimwona mara moja kwenye misa ya Kifaransa. Aliniamkia kwa kichwa, akamshika mkono Fidèle. Monsieur Armand alifariki mwaka uliofuata. Hospitalini, nilipokwenda zamu yangu, aliniomba nimsomee gazeti, na nilisoma kila neno lilivyoandikwa, hata makosa ya mpiga chapa. Nilisubiri bien. Alikuwa amelala.

Fidèle aliapishwa, ofisi ikawa yake, nami nikafanya kazi chini yake mpaka nilipostaafu. Mkisema alinitesa mtakuwa mmemsingizia. Alinipa kazi, alinipa heshima, watoto wake wananiita shangazi. Karatasi zangu alizisahihisha mwenyewe, bila hila hata siku moja. Ila karatasi zake hakunipa kamwe. Miaka kumi na mmoja. Alizipeleka kwa mtu wa upande wa Point, mwendo wa dakika ishirini, wakati mimi nilikuwa mita mbili kutoka kwake na kalamu nyekundu kwenye kikombe. Huyo mtu wa Point sijawahi kumwona. Hamjui jinsi nilivyomchukia.

Nilidhani mambo yataishia hapo, na ningewaambia tu: sahihisheni mnachokiona, mambo mengine ya moyo mtashughulika nayo nyumbani. Lakini wiki iliyopita, Jumanne, simu yangu iliita kidogo. Ni Fidèle. Hakuandika salamu ndefu kama kawaida yake. Alituma ukurasa mmoja, cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa Bujumbura, Kifaransa upande mmoja na Kiingereza chake upande wa pili. Chini aliandika: "Dada, uniangalilie."

Nilivaa miwani. Nilisoma tarehe kutoka nyuma kwenda mbele. Nilisoma majina herufi kwa herufi. Kwenye nafasi ya kazi ya baba, karani alikuwa ameandika "Néant", na Fidèle, mfasiri wa miaka yote hiyo, aliandika kwa Kiingereza kwamba baba wa mtoto anafanya kazi ya Néant.

Sijui kama aliliweka kwa makusudi. Sikumuuliza na sitamuuliza. Nilichukua kalamu nyekundu, nikachapa ukurasa pale kwa jirani mwenye printa, nikalizungushia duara, nikaandika pembeni "hakuna", nikasaini, nikapiga picha nikaituma.

Akajibu mara moja: "Bien."